Pezi limegoma kutoka kwenye ubao wa mawimbi: namna ya kulitoa bila kuvunja kisanduku chake

Swali: Nimenunua ubao wa kuteleza kwenye mawimbi uliokwisha tumika, wenye mapezi matatu. Mawili ya pembeni yametoka vizuri, ila la katikati limegoma. Lina skrubu mbili na zote nimezilegeza, lakini halisogei hata kidogo. Nilipolitikisa kushoto na kulia nikasikia mlio mdogo, kach, nikaacha. Rafiki yangu ananishauri nilimwagie maji yanayochemka kisha nilivute kwa plaizi. Nifanyeje nisiharibu ubao?

Jibu: Umefanya la maana kuacha pale uliposikia ule mlio. Tafadhali usilitikise tena kushoto na kulia, na maji yanayochemka yasikaribie ubao huo. Huo mlio nitaurudia baadaye, kwa sababu huwezi kuupima vizuri mpaka pezi liwe limetoka.

Elewa kwanza kilichomo ndani. Kisanduku kinachoshika pezi ni kipande cha plastiki ngumu kilichozamishwa kwenye povu la ubao na kuzungushiwa resini, yaani gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, na mara nyingi juu yake pakalazwa kitambaa chembamba cha faibaglasi. Kinachokishikilia hasa ni ule utando wa resini na faibaglasi, maana povu lenyewe ni laini na hubonyea kwa kidole likiwa wazi. Sasa pezi limesimama juu ya kisanduku hicho kama mpini mrefu. Ukilisukuma nchani kuelekea upande, nguvu ndogo ya mkono inafika chini ikiwa imeongezeka mara nyingi, na inaangukia kwenye ukingo mwembamba wa resini. Pezi halitoki, ukingo ndio unaopasuka. Ndiyo maana karibu kila ubao ninaoletewa ukiwa na kisanduku kilicholegea, aliyeuharibu alikuwa anajaribu kutoa pezi, wala si wimbi.

Kwa hiyo kanuni ya kazi hii ni moja: pezi hutoka kwa njia lililoingilia, likirudi nyuma hatua kwa hatua. Na njia hiyo inategemea aina ya kisanduku.

Kwa maelezo yako, skrubu mbili kwa pezi moja, yaelekea ubao wako una mfumo wa kwanza wa FCS, moja ya kampuni za mapezi: pezi lina ndimi mbili fupi, kila ulimi umeingia kwenye tundu lake, na kila tundu lina skrubu yake ndogo isiyo na kichwa. Hili hutoka kwa kuinuliwa moja kwa moja juu. Ungekuwa na FCS II, pezi lingeshikwa na kifungo chenye springi ndani ya kisanduku na mara nyingi pasingekuwa na skrubu kabisa. Hilo hutoka kwa kuinua upande wa nyuma kwanza, ule unaotazama mkia, kwa mvuto mmoja wa ghafla kuelekea juu na mbele, ndipo upande wa mbele unachomoka. Wengi hulivuta kinyume, wakianza na mbele, na hapo wanashindana na kifungo chenyewe. Mfumo wa Futures, kampuni nyingine ya mapezi, una kisanduku kirefu kimoja na skrubu moja mbele. Ukishaitoa skrubu, mbele ndiko kunakoinuka kwanza. Pezi kubwa la ubao mrefu hushikwa mbele na skrubu inayoshuka kwenye kibamba kidogo cha chuma ndani ya mfereji, na nyuma lina kipini cha kukingama. Toa skrubu, inua mbele, telezesha pezi mpaka kipini kifike kwenye uwazi wa mfereji, kisha linyanyue. Na kuna mapezi ambayo hayatoki kamwe: ukiona faibaglasi ya ubao inapanda juu ya pezi kwa mkunjo laini, bila ufa wala kisanduku, hilo limejengwa pamoja na ubao. Liache.

Turudi kwako. Unasema skrubu umezilegeza. Umezilegeza kiasi gani? Hapa ndipo watu wengi hukwama bila kujua. Ulimi wa pezi una kijishimo ubavuni ambamo ncha ya skrubu huzama. Ukizungusha raundi moja au mbili, alenki (ule ufunguo wa pembe sita) itakuwa nyepesi mkononi na utadhani kazi imekwisha, kumbe ncha bado imo ndani ya kijishimo na imefunga ulimi kama komeo. Tena kama mwenye ubao wa kwanza alikuwa mtu wa kukaza kwa nguvu zote, ncha ya skrubu imechimba plastiki ya ulimi na kusukuma kijiukingo kikavimba pembeni, na kijiukingo hicho hukwaruza ukuta wa tundu kila unapovuta. Kwa hiyo usizilegeze tu. Zitoe zote mbili, uziweke kwenye kikombe, na umulike mashimo yake kwa tochi uhakikishe hayana kitu.

Kabla ya kuingiza alenki, safisha tundu la skrubu. Chukua sindano au kijiti cha meno, chokoa mchanga wote uliojazana kwenye zile pembe sita, kisha suuza. Alenki iliyokalia mchanga inaingia nusu tu, na ukizungusha ikiwa nusu unachuna pembe za skrubu. Saizi yake pia ina umuhimu. Skrubu hizi ni za inchi 3/32, sawa na milimita 2.38. Alenki ya milimita 2.5 haiingii, na ya milimita 2 inaingia lakini inacheza, na huo mchezo ndio unaokula pembe zikawa duara. Tafuta ya 3/32 yenyewe, mpya, ambayo ncha yake haijachakaa. Tena angalia kwamba skrubu haikusimama wima; imelala kwa pembe ikielekea ulimi. Ishike alenki ikifuata ulalo huo, iingie mpaka iguse mwisho, ndipo uzungushe taratibu kinyume cha saa.

Skrubu zikishatoka na pezi bado limegoma, adui aliyebaki kwa kawaida ni chumvi na mchanga. Maji ya bahari hupenya kwenye uwazi mwembamba kati ya ulimi na tundu, hukauka, huacha chembe za chumvi, na siku ya pili yanaingia mengine. Baada ya miezi kadhaa pale pamejaa kitu kigumu kinachoshika mchanga ndani yake. Hapo ndipo ushauri wa rafiki yako unapoponea kwenye maji na kuharibikia kwenye moto. Maji ndiyo dawa. Ila chumvi ya bahari ina tabia ya kuyeyuka karibu sawasawa kwenye maji baridi na ya moto: mililita 100 za maji ya kawaida huyeyusha takriban gramu 36, na hata yakichemka haziongezeki zaidi ya gramu chache. Moto haukupi faida ya kutosha, ila hasara unakupa. Resini ya epoksi inayotumika kwenye mbao nyingi huanza kulainika kwenye kiasi cha nyuzi 60, na povu la polistirini halistahimili joto la maji yanayochemka. Ukimwaga hayo juu ya kisanduku, unalainisha kile kile kinachokishikilia, halafu ndipo unaanza kuvuta. Siwezi kufikiria mpangilio mbaya kuliko huo. Mashine ya kukaushia nywele na bunduki ya hewa moto ziweke kwenye fungu hilo hilo.

Chukua maji safi yasiyo na chumvi, yenye uvuguvugu ambao mkono wako unauvumilia bila shida. Laza ubao juu ya blanketi au mto, tumbo likitazama juu, mkia ukiwa umeegemezwa vizuri. Zungushia kitambaa kilicholowa chapachapa kwenye shina la pezi, jaza maji kwenye mashimo ya skrubu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha uache. Usivute. Rudia kulowesha kila kitambaa kinapoanza kukauka, mpaka kesho yake. Saa nyingi za maji tu zinafanya kazi ambayo mikono miwili yenye hasira haiwezi. Ukiona bado kuna ukoko mweupe usioondoka, huo unaweza kuwa chokaa; tone la siki nyeupe litaulegeza, halafu suuza kwa maji mengi. Kabla ya kuanza kuvuta, dondosha maji ya sabuni ya vyombo kwenye mwanya ili ndimi ziteleze.

Mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu nayatumia kwa uchoyo sana, tena kwenye skrubu ya chuma tu, tone moja kwenye ncha ya kijiti. Sababu ni ule mlio wako. Kama ufa umetokea, mafuta yatapita humo yafike kwenye povu, na vimumunyisho vya petroli hula polistirini. Mafuta ya silikoni nayo yana ubaya wake: yakishaenea kwenye faibaglasi, resini ya kuzibia ufa haitashika mahali pale hata ukwaruze kwa msasa namna gani.

Sasa kuvuta. Vaa glavu nene au funga pezi kwa taulo, kwa sababu ukingo wa nyuma wa pezi la faibaglasi hukata ngozi, na pezi lililogoma hutoka ghafla likikutana na mkono wako. Usilishike nchani. Shika chini kabisa karibu na ubao, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma. Inua mbele kidogo, kisha nyuma kidogo, mbele tena, ukifuata urefu wa pezi. Huu mwendo wa kichwa na mkia hauna madhara makubwa kwa sababu kisanduku ni imara zaidi kwa upande huo, na kila unapobadilisha, ulimi mmoja unapanda nusu milimita. Mtu wa pili akandamize ubao kwa viganja viwili vilivyokunjuliwa, kila upande wa pezi, asiuegemee kwa goti wala kiwiko. Ingekuwa unatoa mapezi ya pembeni ningekuongezea kwamba yale yameinama kuelekea nje, basi "juu" kwao ni kufuata ulalo wao wenyewe, wala si kwenda wima kutoka kwenye ubao. La katikati limesimama wima, nalo huenda wima.

Mikono ikishindwa, tumia kamba. Tafuta mkanda wa nailoni au kamba laini isiyovutika, ipitishe nyuma ya pezi chini kabisa kwenye shina, na uzungushe ncha zote mbili kwenye kipande cha ufito upate pa kushika. Vuta juu kwa mvuto unaoongezeka polepole. Kamba inakuwezesha kuweka nguvu yote chini, pale inapotakiwa, na haikwaruzi. Plaizi iache. Meno yake yatakata faibaglasi ya pezi, na kwa kuwa inashika sehemu ndogo, mkono wako utaanza kupinda kuelekea upande bila wewe kutaka. Bisibisi ya kutekenyua nayo isiingie chini ya pezi. Kila alama ya kubonyea utakayoona baadaye kwenye ukingo wa kisanduku ilitokana nayo. Kama ni lazima kuchomeka kitu, chomeka kabari nyembamba za plastiki au mbao, mbili kwa mpigo, moja kila upande, na chini yake utandaze kipande cha plastiki ngumu ili uzito usambae.

Ukiona halijasogea hata baada ya usiku mzima wa maji, chukua tochi uiangalie ile mistari ambapo pezi linakutana na ubao. Je, kuna utepe unaong'aa? Mwenye ubao wa kwanza huenda aliliziba kwa gundi kwa sababu lilikuwa linacheza, au aliyeziba ufa wa jirani alidondosha resini ikatiririka kwenye mwanya. Gundi ya namna hiyo haiyeyushwi na maji. Bandika tepu pande zote za pezi, kisha pitisha wembe mpya kwenye mstari huo, kwa wepesi, mara nyingi, badala ya mara moja kwa nguvu. Utepe ukikatika, rudi kwenye kamba.

Wewe skrubu zako zimezunguka, nawe shukuru. Ila nitasema neno kwa anayesoma hapa akiwa na skrubu iliyokwisha kuliwa pembe. Jaribu kwanza biti ya nyota, Torx ya T10, ambayo pembe zake zinauma kwenye tundu lililochakaa la 3/32. Igonge kidogo sana kwa mpini wa bisibisi, ubao ukiwa umeegemezwa chini ya pigo, kisha zungusha kwa mkono. Ikishindikana, kinachofuata ni kuitoboa skrubu kwa keekee, na hapo napendekeza fundi wa mbao za mawimbi, kwa sababu keekee ikiteleza inaingia kwenye povu kwa kufumba na kufumbua.

Kuna njia nyingine ambayo watu huiogopa pasipo sababu, nayo ni kuliua pezi. Pezi huuzwa peke yake, kisanduku kilichong'oka ni kazi ya kukata, kujaza, kulaza faibaglasi upya na kupiga msasa, na ubao hauwi ule ule tena. Kwa hiyo ukifika mahali ambapo lazima kimoja kiumie, chagua pezi bila kusita. Tandaza tepu tabaka kadhaa juu ya ubao, kata pezi kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, ukiacha kipande cha kama sentimita 2 juu. Kisha toboa tundu dogo katikati ya kila ulimi, kwenda chini, kwa keekee nyembamba, zungushia skrubu ya mbao ishike vizuri, halafu ivute hiyo skrubu kwa plaizi, wima. Hapa plaizi inafaa, maana inashika chuma na haina cha kuharibu. Pima kina cha ulimi kwenye yale mapezi mawili yaliyotoka, ufunge tepu kwenye keekee kwa kipimo hicho ili isipite. Njia hiyo hiyo humtoa mtu ambaye pezi limemvunjikia likaacha ulimi ndani.

Sasa ule mlio. Kach ya namna hiyo ina maana mbili. Inaweza kuwa ukoko wa chumvi umeachia, na hiyo ni habari njema. Inaweza pia kuwa resini imepasuka. Pezi likishatoka, suuza, kausha kwa kitambaa, uache mahali penye kivuli na hewa. Kisha pitisha ukucha polepole kuzunguka kila tundu. Ukucha ukinasa kwenye mstari, pale pana ufa. Mikwaruzo ya rangi ya juu hainasi ukucha hivyo. Bonyeza kwa dole gumba pembeni ya tundu: likizama au likitoa unyevunyevu kwenye mstari, maji yamekwisha ingia. Njia nyingine ninayoipenda ni kusugua wino wa kalamu unaooshika kwa maji juu ya eneo hilo na kuufuta mara moja. Wino hubaki ndani ya ufa na kuuchora wote ulivyo, hata ule ambao jicho lisingeuona.

Ufa wa juu juu, mfupi, usiozama, utauziba mwenyewe kwa resini baada ya kupiga msasa mwepesi, ilimradi uijue aina ya povu lako: povu la polistirini linataka resini ya epoksi, kwa sababu ya poliesta hulitafuna. Ukiwa na shaka, tumia epoksi. Hiyo inakaa kwenye povu la polistirini na hata kwenye lile jingine la poliuretani. Lakini usizibe ubao ulio na maji ndani. Uuache ukauke siku kadhaa, ufa ukitazama chini, mpaka kitambaa cha karatasi kilichobandikwa juu yake usiku kucha kiamke kikavu. Na kama ufa umelizunguka tundu lote, au tundu lenyewe linacheza ukilisukuma, usiingie nalo majini. Mpelekee fundi kabla kisanduku hakijatoka na kipande cha mkia.

Unaporudisha mapezi, shusha kwanza vile vijiukingo vilivyovimba kwenye ndimi kwa msasa wa namba 220, kiasi cha kusawazisha tu, pezi liingie kwa kusukuma kwa kiganja na kutoka kwa kuvuta kwa mkono. Pezi jipya la kampuni nyingine linalobana sana nalo lifanyie hivyo hivyo kabla hujalisukumiza kwa nguvu. Nunua skrubu mpya za chuma kisichoshika kutu; hizo za zamani zimekwisha kuliwa pembe kiasi fulani hata kama zinaonekana nzima. Kaza kwa kushika alenki kwa vidole viwili upande wake mfupi, mpaka uhisi imegusa, kisha robo ya raundi. Baada ya kila siku ya bahari mwagia maji safi kwenye mashimo ya skrubu, na mara moja moja toa mapezi yote, usuuze ndimi, uyarudishe yakiwa makavu.